Goti la Uongo na Supu ya Magome

Nyumbani kwetu ugonjwa ulikuwa cheo, na cheo hicho kilikuwa na mwenyewe. Dada yangu, aliyenizidi kwa miaka miwili, alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao sisi tuliuita "siko" tu, kama jina la mtu wa ukoo anayeingia bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa na afya ya punda. Sikuwahi kulazwa, sikuwahi kuvunjika, hata surua ilinipita ikaenda kwa watoto wa jirani. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijiona nimeonewa.

Tuliishi kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, upande wa Mogogosiek, katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa fundi wa boila. Tulikuwa tumetoka kule ziwani, ambako, kwa maneno ya mama, joto humfuata mtu hadi kwenye mifupa, tukaja kukaa mahali ambapo ukungu hulala juu ya chai mpaka saa tatu na mvua ya mawe hupiga mabati hadi mkashindwa kusikilizana mezani. Baridi ndiyo ilikuwa adui. Ikizidi, dada aliamka ameshika miguu au mgongo, hasemi neno, machozi yanajitokea yenyewe. Siku hizo mama alimvisha soksi mbili mbili na sweta ya baba. Kuku alichinjwa na maini yakawa yake. Soda ililetwa, ikawekwa ndani ya maji moto ili isimtie baridi. Baba alikuja na redio yake, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi, akaiweka kando ya kitanda cha dada. Mimi nilipewa shingo ya kuku na mtungi wa kwenda kuchota maji.

Maumivu yake niliyaona, na sitajifanya sikuyaona. Lakini jicho langu moja lilimwona dada analia na jingine liliyaona maini, na hili la pili ndilo lililokuwa na nguvu.

Mama hakuwa mtu wa kukaa akingoja. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa vidonge vidogo vya manjano vya kusaidia damu na vingine vya kuzuia malaria, na akamwambia mtoto anywe maji mengi na asipigwe na baridi. Mama alitii yote hayo, kisha akaongeza yake. Majani ya mpapai hayakupatikana kwetu, maana mpapai haupendi baridi, kwa hiyo aliagiza kwa mwanamke mmoja muuza mitumba aliyezunguka masoko hadi Ndanai, nayo yakaja yamefungwa kwa gazeti. Aliyachemsha mpaka maji yakawa ya kijani kilichoiva, machungu kuliko kwinini. Alipanda bitruti nyuma ya nyumba, akazikwangua na kuzikamua kwa kitambaa. Mboga za managu na terere tulikula kila siku mpaka nikaanza kuamini kwamba nyama ni kitu cha kusimuliwa tu.

Juu ya hayo kulikuwa na Kogo. Kwa Kikipsigis kogo ni nyanya, na kila mtu kwenye laini alimwita hivyo, hata watu wazima. Shamba lake lilipakana na chai ya kampuni, na kila asubuhi alituletea maziwa. Siku moja alimkuta dada amejikunja karibu na jiko. Kesho yake alileta maziwa pamoja na magome ya mti wanaouita sagawaita.

"Chemsha na mifupa ya ng'ombe," akamwambia mama. "Hii ni tawa ya kweli. Si ya tuka."

Kogo alisema "tawa" kwa dawa na "tuka" kwa duka, na mama alisema "sule" kwa shule na "suka" kwa shuka. Kati yao wawili Kiswahili kilipata taabu kubwa, lakini sikuwahi kuwaona wakishindwa kuelewana. Supu ilichemshwa. Dada akainywa, akatoa ulimi nje, akasema haujui uko wapi. Magome yale huutia ulimi ganzi kwa muda. Mimi nilicheka sana siku hiyo.

Kilichonivunja moyo ni redio. Jumamosi moja kulikuwa na mpira, na redio ilikuwa kando ya kitanda cha dada, ambaye alikuwa amelala usingizi. Nilikaa chini nikaanza kusikiliza. Baba akaingia, akaizima ili mgonjwa apumzike, akanituma kuni. Njiani nilifikiria maisha yangu kwa makini, na niliporudi na mzigo wa kuni kichwani nilikuwa nimeshaamua kuugua.

Jumatatu asubuhi nilibaki kitandani. Mama alipokuja kuniamsha nikamwambia goti linauma.

Nilitegemea atasema, "Pole baba, ngoja nikuletee soda." Nilikuwa hata nimechagua ya rangi gani. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyekatwa miguu.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Goti lipi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Hili," nikasema, nikigusa lililokuwa karibu.

Alilishika kwa mikono miwili, akalibonyeza polepole, akamtaja Mungu kwa lugha yetu ya nyumbani. Sikuelewa wakati ule kwamba tangu nizaliwe alikuwa akiingoja asubuhi hiyo. Nilidhani ananionea huruma, nikaongeza mlio kidogo.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kuharibika. Nilikuwa nimehesabu maini, soda, redio na soksi. Sikuwa nimehesabu kwamba hayo yalikuja siku za maumivu makali tu, na kwamba dawa zilikuwa za kila siku. Mama alianza na dawa. Kikombe cha majani ya mpapai kabla ya uji. Kikombe cha bitruti baada ya uji. Managu mchana, terere jioni. Kuku hakuchinjwa, mama alisema mafuta hayafai mpaka tujue ni nini.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Yeye alikuwa bingwa wa jambo hili na mimi nilikuwa nimejaribu kumwigiza bingwa mbele yake.

"Mama," akasema kwa upole, "hajamaliza. Kuna yaliyobaki chini ya kikombe. Muuguzi alisema ya chini ndiyo yana nguvu."

Muuguzi hakuwahi kusema hivyo. Nikanywa ya chini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda msalani nikaona mkojo mwekundu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba bitruti hufanya hivyo. Nilisimama pale nikajua kwamba Mungu amesikia uongo wangu na ameamua kuufanya kweli. Niliazimia kuungama papo hapo. Nilirudi mbio, nikasahau kuchechemea, na jikoni nikamkuta Kogo amefika na mama ananimiminia supu ya magome, bakuli zima.

"Kunywa kwanza," mama akasema. "Utaongea baadaye."

Nikanywa haraka ili niongee haraka. Nilipofungua mdomo, ulimi ulikuwa umelala kabisa. Nilitaka kusema, "Mama, nilidanganya." Kilichotoka ni kitu kama mlio wa ndama. Mama akatazamana na Kogo kwa hofu.

"Imeingia kwa mwili," Kogo akasema, ameridhika. "Mpe ingine."

Mpaka ulimi uliporudi, ujasiri ulikuwa umeondoka. Dada alikuwa ameniambia siri ya bitruti, akicheka hadi akashika mbavu, na mimi nikaona hakuna haja ya kuungama kama sifi.

Mama alinipeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Walinitoa damu, wakasema itapelekwa mbali kupimwa, turudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili. Nilikuwa nimepanga ugonjwa wa siku moja, au mbili kukiwa na maini. Sasa ilinibidi nichechemee wiki mbili, nikumbuke mguu, nisikimbie mahali mama anapoweza kuniona, na ninywe kila kitu kilichoota kati ya Mogogosiek na Ndanai. Shuleni nilicheza mpira wakati wa mapumziko, kisha nikarudi nyumbani nikiburuta mguu kuanzia kwenye kona ya duka. Mzee mmoja aliyekuwa akikaa nje ya duka hilo alinizoea. Alisema hajawahi kuona kona inayoumiza watoto kama hiyo.

Mama hakuona mzaha wowote. Alipungua. Alikuwa akinitazama nikila, na nikimtazama alijifanya anatafuta kitu. Usiku nilimsikia akiomba, na jina langu limewekwa kando ya jina la dada. Jambo hilo nilikuwa nimelitamani kwa muda mrefu, na lilipokuja halikuwa na ladha niliyoidhania. Lakini sikusema. Woga una miguu mirefu kuliko majuto.

Siku ya majibu tulitoka asubuhi, mama na mimi. Baba alikuwa kazini na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo dada alibaki nyumbani. Hakutaka uji. Mama alimuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa, ana baridi kidogo tu. Mama akamwachia supu jikoni akamwambia aipashe.

Mtu wa maabara alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi. Alisoma karatasi, akamwangalia mama, akaona ni heri aseme haraka.

"Mtoto huyu haugui, mama. Amebeba tu. Ana nusu."

"Nusu ya nini?"

Akachora kwenye kipande cha karatasi. Kila mtu hupewa vitu viwili, akaeleza, kimoja na baba na kimoja na mama. Mimi nilipata kimoja kizuri na kimoja kibovu, na kile kizuri kinatosha. Dada yangu alipata vibovu viwili, ndiyo maana anaugua.

Mama alikuwa ameanza kutoa leso, kisha akasimama.

"Huyo msichana. Hivyo vibovu viwili vilitoka wapi?"

"Kimoja kwako, kimoja kwa baba yake."

"Kwa baba yake pia?"

"Lazima, mama. Haiwezekani vinginevyo."

"Rudia tena."

Akarudia. Mama akamwomba aandike maneno hayo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, nyuma ya kadi yangu ya hospitali. Kijana alishangaa lakini akaandika. Mimi nilijua sababu, maana watoto husikia mengi kuliko wanavyodhaniwa. Nyanya, mama mzazi wa baba, alikuwa amesema miaka yote kwamba ugonjwa ule uliingia nyumbani na mwanamke, kwamba kwao hakuna damu ya namna hiyo. Mama hakuwahi kumjibu. Alichemsha majani.

"Na goti lake?" akauliza alipokumbuka.

Kijana alinigeukia. "Unacheza mpira?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Nje mama alikaa kwenye nyasi akalia, mbele za watu, kadi imeshikwa kifuani. Nilisimama kando yake na miguu yangu miwili mizima. Sijawahi kujiona mdogo kama siku hiyo. Alipomaliza alijipangusa, akaninunulia soda. Ilikuwa ile ile niliyoichagua kitandani, na nilishindwa kuimaliza.

Tulifika nyumbani kama saa tisa. Jiko lilikuwa limezimika. Dada alikuwa sakafuni kando ya gunia la makaa, amejikunja, ameuma ukosi wa sweta ili asipige kelele. Bakuli la supu lilikuwa halijaguswa. Mama alinituma kiwandani, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili nilikimbia mbele yake. Nilifika boila nikashindwa kuongea kwa sababu ya pumzi, lakini baba aliniona tu akaacha spana. Gari la kiwanda likatupeleka zahanati, na zahanati wakatupeleka hospitali ile ile tuliyotoka asubuhi.

Alilazwa siku sita. Walimwekea maji ya mishipani, wakampa dawa za maumivu, wakamwongeza damu. Siku ya pili muuguzi mmoja wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu, aliuliza kuhusu vidonge vya manjano. Mama akasema viliisha zaidi ya wiki iliyopita. Alikuwa amesema atachukua vingine akishajua habari ya goti langu. Alidhani supu na majani yatamshikilia kwa siku hizo chache.

"Sikugombezi," muuguzi akasema. "Mboga mpe, zinamjenga. Bitruti mpe kama anaipenda. Supu ya kogo wenu mpe imtie joto. Hayo maji ya mpapai mimi sijui kipimo chake, na wewe hujui, kwa hiyo yaache. Lakini hivi vidonge visiishe nyumbani hata siku moja. Na akisema ana baridi kidogo, mlete siku hiyo hiyo."

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama msichana wa shule. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kiti cha baba. Nilikuwa natafakari jinsi goti moja la uongo linavyoweza kula vidonge vya mtu mwingine.

Siku hiyo hiyo mama alimpa baba ile kadi. Alisoma, akaigeuza, akasoma tena. Kisha akasogeza kiti chake karibu na cha mama.

"Kwa hiyo ni mimi na wewe," akasema.

"Ni mimi na wewe."

Krismasi tulipokwenda nyumbani, baba alimsomea nyanya kadi hiyo mbele ya watu wote, kwa sauti aliyotumia kusoma maandiko kanisani. Nyanya alisema hana miwani. Baba akamwambia haihitajiki miwani kusikia.

Mimi niliungama Jumamosi, wodini, wazazi walipotoka kwenda kumwona daktari. Dada alikuwa ameketi, ameegemea mto.

"Goti langu lilikuwa uongo," nikamwambia.

"Najua. Jumatatu ulichechemea kulia, Jumanne kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka unywe kwanza." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Halafu nikaona Mama anaogopa kweli, nikashindwa niseme vipi."

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ile ya majibu. Alianza kuumwa lini?

"Siku mbili kabla mwende kuchukua majibu."

"Na hukumwambia?"

"Mama alikuwa na mmoja tayari," akasema.

Nililia kwa sauti mbaya sana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke aliyevunjika mkono, akamuuliza dada kama mimi ndiye niliyefiwa. Dada aliniambia ninyamaze na nisimwambie mama kamwe, kwa sababu alikuwa na furaha yake ya ile kadi na hapakuwa na haja ya kuichafua. Nilikubali upesi. Nilijiambia namtii dada. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa mama.

Baba aliomba uhamisho kwenda sehemu yenye joto, akanyimwa. Alichofanya ni kutengeneza chombo cha bati chenye kifuniko cha kukaza, kama chupa bapa, cha kutiwa maji moto na kuzungushiwa gunia, ili dada alale nacho miguuni. Nilijitolea kukijaza kila jioni. Wote walisema nina moyo mzuri, na mimi niliwaacha waseme. Nilikijaza miaka minne, mpaka alipokwenda shule ya bweni, na vidole vyangu vina alama mpaka leo kwa sababu sikuwahi kujifunza kushika sufuria kwa kitambaa.

Ile nusu yangu ilinifuata ukubwani. Msichana wa kwanza niliyempenda kwa dhati nilimuuliza habari za damu yake siku ya pili ya kukutana, kabla ya kumuuliza anapenda kula nini. Aliniaga kwa heshima, na sikumwona tena. Niliyemwoa alicheka, akaenda kupimwa, akarudi na karatasi akaibandika ukutani juu ya meza. Hana kitu.

Dada yangu ni mwalimu, anaishi upande wa Sotik kwenye joto kidogo, na ana siku zake mbaya bado, ingawa dawa za sasa ni bora kuliko zile tulizokuwa nazo. Mama amezeeka. Mwaka mmoja, tukichambua managu mlangoni kwake, nilimwambia habari yote: redio, kuni, goti, kona ya duka. Nilikuwa nimepita miaka thelathini na bado nilisogea ili mkono wake usinifikie.

Hakuninyanyulia mkono. Aliendelea kuchambua.

"Dada yako alijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Aliweka ungo chini, akaomba simu yangu, akampigia dada. Alimgombeza kwa nusu saa: aliwezaje kukaa na maumivu siku mbili bila kusema, yeye alimlea hivyo? Kisha sauti ikalegea, akamuuliza amekula nini, amevaa nini, kule kuna mvua? Mimi nilikaa pale na mboga mapajani, nikingoja zamu yangu ya kugombezwa. Walipomaliza kuongea mama alinirudishia simu, akasema chaji imekwisha, akachukua ungo wake.

Nikamwuliza kama hana la kuniambia.

"Wewe?" akasema. "Wewe uko mzima."